Makofi ya Mama Kabedi Mbele ya Zuzi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kortini Kamina kabla ya mlango kufunguliwa, nimevaa kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Baba yangu, mtu wa reli, alinifuata hatua chache nyuma ili majirani wasikose kuona. Bwana grefie, yaani karani mkuu Mzungu aliyetunza majalada na kuandika yote yaliyosemwa kikaoni, alinitazama toka miguuni hadi kichwani, kisha akanifundisha ukalimani kwa pumzi moja.

"Weye iko mudomo tu. Zuzi anasema, unasema. Muntu anajibu, unasema. Ile ya kichwa yako, bakia nayo ku nyumba."

Zuzi ndiye hakimu. Nilicheka kwa adabu, lakini maneno yale niliyashika, maana kazi ya kalamu wakati ule watu waliitafuta kwa udi na uvumba.

Jamani, niliipenda kazi ile! Niliipenda harufu ya wino, kengele ndogo ya shaba mezani kwa hakimu, na jinsi chumba kizima kilivyosimama alipoingia. Ninyi vijana mtauliza kengele ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya onyo. Mtu akipiga kelele, akitukana au akirusha kiti wakati kesi inasikilizwa, hilo tuliliita délit d'audience, kosa linalotendwa mbele ya hakimu akiwa kitini. Hakimu hakuhitaji shahidi, kwa kuwa ameona kwa macho yake, na aliweza kumfunga mtu palepale. Sisemi ni vibaya. Nilimwona mlevi mmoja akimrukia shahidi, na bila uwezo ule korti ingegeuka soko.

Baadaye nilipelekwa Kabondo-Dianda, kwenye korti ya chifu. Huko hapakuwa na kengele. Chifu akitamka neno, watu walipiga magoti na kupiga makofi polepole, wakisema, "Vidye kalombo." Maana yake: tumesikia, tunakuheshimu. Niliizoea desturi hiyo mpaka mikono yangu ikawa inaanza yenyewe.

Niliporudi Kamina nilimkuta hakimu mpya, kijana ambaye alikuwa hajamaliza hata msimu mmoja wa mvua katika nchi hii. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kuchekwa, basi. Siku moja aliletwa kijana wa reli aliyepigana na mwenzake stesheni. Mama yake, Mama Kabedi, alikuwa ametoka kijijini upande wa Kabondo-Dianda kuja kumwombea. Hakimu alipoanza kusoma shtaka, mama alipiga magoti, akaanza makofi. Hakimu akagonga kengele. Mama akatulia kidogo, lakini hakimu alipofungua tu kinywa, makofi yakarudi.

"Mwambie aheshimu korti!" hakimu akanifokea kwa Kifaransa.

Nami, mdomo hodari, nikapeleka neno kama lilivyo. "Mama, zuzi anasema uheshimu tribinali."

Maskini, mama aliona haya. Alidhani heshima yake haikutosha. Akainama zaidi, akapiga makofi kwa nguvu, na ndugu zake waliokaa nyuma wakamsaidia. Chumba kizima kikalia makofi. Hakimu akawa mwekundu kama pilipili, akiamini wanawake na wazee wale wanamfanyia mzaha.

"Siku saba gerezani," akasema, na grefie akaandika.

Nilijua. Sentensi moja ingetosha: Bwana hakimu, mama huyu anakuheshimu. Lakini kusema bila kuulizwa nako kulikuwa kuvuruga kikao, na nyumbani nilikuwa na mke mwenye mimba katika nyumba ya kazi. Polisi walipomwinua, mama alinigeukia.

"Mwana, nilikosa nini?"

Swali hilo hakumuuliza hakimu, kwa hiyo sikulitafsiri. Wala sikulijibu.

Siku saba zilipokwisha nilimngojea mlangoni mwa gereza na mfuko wa chumvi. Alikuwa amekonda, na kitenge chake kilikuwa na vumbi.

"Mama, unisamehe. Zuzi hakujua desturi yetu."

"Ye hakujua," akasema, akipokea chumvi kwa mikono miwili. "Weye ndiye ulijua."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana liliniuma. Tangu siku ile nilitoka hadi barazani kabla ya kila kikao nikawaeleza watu wa vijijini jinsi ya kukaa mbele ya hakimu, mikono magotini, kimya. Hakuna mwingine aliyefungwa kwa makofi. Wakubwa walidhani ni bidii yangu ya kazi.

Nimekaa na mahakimu wengi baada ya yule, wapole na wakali, na hadi leo nikisikia mtu anagonga muhuri moyo wangu unaruka kwa furaha. Siku ya kustaafu walinipa kiti kizuri cha mbao nyekundu. Hakimu wa mwisho niliyemtumikia alisimama mbele ya wote, akanisifu: miaka yote hii, alisema, mkalimani wetu hakuwahi kuvuruga kikao hata mara moja. Wenzangu wakashangilia. Mke wangu aliona machozi yangu, akadhani ni ya furaha.

Kiti kile ningekirudisha, na sifa zile pia, nipewe kikao kimoja tu nikivuruge.