Samli Ndani ya Mota

Niliuza dume langu la kulimia nikanunua baiskeli ya umeme. Kwa Msukuma hilo ni jambo la kusemewa pembeni. Mama mkwe wangu, anayeishi Malinyi na ng'ombe wake, hakulisemea pembeni. Alimwambia mke wangu kwenye simu, kwa sauti niliyoisikia nikiwa uani, kwamba ameolewa na mtoto mkubwa. Kwa hiyo alipotuma habari kwamba anakuja Ifakara kumwona mjukuu wake, nilijua hiyo ndiyo nafasi yangu ya kumwonyesha kwamba sikuwa mjinga.

Tatizo lilikuwa mota. Iko ndani ya gurudumu la nyuma, na kila nilipobeba gunia la mpunga kwenda mashine ya kukoboa, ilichemka na kuzima sijafika hata Kibaoni. Nilisukuma baiskeli na gunia lake huku nikiwaambia wapita njia kwamba nafanya mazoezi. Kwenye simu nikaona watu wa mbali wakifungua kifuniko cha mota na kumimina mafuta kidogo, yale mepesi ya giaboksi, ili yachukue joto la ndani na kulipeleka kwenye ganda la nje lipoe kwa upepo. Nilielewa yote isipokuwa maneno mawili, "kidogo" na "mepesi".

Dukani mafuta hayo hayakuwepo, na mimi si mtu wa kusubiri. Nyumbani kulikuwa na kibuyu cha samli ambacho mama mkwe alimtumia mke wangu alipojifungua. Kwetu samli hupakwa utosi wa mtoto, hupakwa visigino, hupakwa hata bawaba za mlango. Nikajiuliza mota ina nini cha kujivunia hata iikatae. Nikafungua skrubu, nikamimina mpaka roho yangu iliporidhika, nikafunga.

Na ilifanya kazi! Asubuhi samli ikiwa imeganda gurudumu lilikuwa zito, lakini jua likipanda mota ilipiga safari nzima bila kuzima. Nikawa natembea mjini nimetuna. Harufu ilikuwepo kidogo, ndiyo, na mbwa wa mtaani kwetu Lipangalala walianza kunisindikiza, nikadhani wamenizoea.

Siku yenyewe mama mkwe alishuka kwenye basi mchana wa jua kali. Kwa desturi yetu mtu hampakii mama mkwe wake, na wala hawatazamani usoni. Basi yeye alipanda bodaboda, mimi nikafunga gunia lake la mchele kwenye keria nikafuata nyuma. Mota haikuzima hata mara moja. Desturi au si desturi, nilikuwa naomba ageuke anione.

Aliniona tulipofika nyumbani. Alikuwa amesimama getini, mjukuu tayari mikononi. Nikashika breki. Ile ya mbele waya wake ulikatika tangu masika, na ya nyuma ilikuwa imelowa samli iliyoyeyuka ikavuja kwenye ekseli. Nikampita mkwe wangu kwa kasi, nikasema "Shikamoo, mayu!", yaani mama, kwa sababu adabu ni adabu, nikaenda kusimama katikati ya turubai la jirani, juu ya mpunga alioanika.

Mbwa walifika kabla ya watu, wakaanza kulamba gurudumu. Mama mkwe akasogea, akanusa, na uso wake ukabadilika. Samli ya maziwa aliyoyasukasuka mwenyewe angeijua hata gizani. Alimwinamia mtoto.

"Mwambie baba yako," alisema, "lile dume lilikuwa linakula majani tu. Hili lake linakula chakula cha mzazi."

Jirani alicheka mpaka akakaa chini kwenye mpunga wake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mkwe alipoondoka niliisafisha mota kwa mafuta ya taa, nikiwa na hakika kwamba jina langu Malinyi limekwisha.

Mwezi uliofuata basi la Malinyi lilileta vibuyu viwili vya samli. Mke wangu alinifikishia ujumbe wa mama yake huku akijizuia kucheka: kikubwa ni cha mtoto, kidogo ni cha ng'ombe wa baba yake. Nilikipokea kile kidogo kwa mikono miwili.

Siku hizi mota inatumia mafuta ya giaboksi. Samli naila mwenyewe kwa ugali, na ikikaribia kwisha, mke wangu humpigia mama yake kumwambia kwamba ng'ombe ana njaa.