Noti Iliyo Kati ya Mi na Mi Bemoli

Siku ya ndoa ya mdogo wangu, kinanda cha kanisa kilitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia maishani, na mimi ndiye niliyekuwa nakipiga.

Kilikuwa kipya kwetu. Kile cha zamani kilikula mvua tulipokimbia vita, na tuliporudi Masisi kikawa kinalia upande mmoja tu. Papa mmoja, kama tunavyowaita wazee wa kiume, mtu wa Butembo mwenye duka la vitenge karibu na soko na asiyekosa misa, alituletea kingine kutoka Dubai pamoja na bidhaa zake. Alikifunga ndani ya blanketi, kikapanda milima kutoka Sake juu ya pikipiki, katika ile barabara ya matope, na kikafika bila mkwaruzo. Kilikuwa na maandishi ya Kiarabu hapa na pale. Hatukuyajali. Masista walinifundisha shuleni kwamba do ni do popote duniani, nami nikawafundisha wanakwaya wangu hivyohivyo. Wananiita maestro, ingawa ni mwanamke mwenye shamba la maharage kama wao.

Asubuhi ile nilikipangusa kwa kitambaa. Juu upande wa kushoto kulikuwa na vibonye vidogo vyenye taa, kimoja kwa kila noti, ambavyo sikujua kazi yake. Nadhani kitambaa ndicho kilichovibonyeza. Jua lilikuwa linaingia dirishani na sikuziona taa zikiwaka.

Wimbo wa kuingia ulikuwa katika do. Bibi arusi alikuwa mlangoni, ameshikwa mkono na baba yetu, na kwaya ilianza vizuri. Kisha kidole changu kikafika kwenye mi. Haikuwa mi. Haikuwa mi bemoli pia, ile iliyoshushwa nusu-toni. Ilikuwa mahali fulani katikati, mahali ambapo kwa elimu yangu hapakuwa na kitu chochote. Nikaibonyeza tena nikifikiri nimekosea, ikatoka ileile. Kwaya walikuwa wanaimba mi yao, kinanda kinaimba yake, na mbili hizo zilipokutana hewa ya kanisa ilitetemeka kama bati linalopigwa na upepo. Soprano waligeuka kunitazama. Besi, ambao kwa kawaida hawasikii chochote ila wao wenyewe, wakanyamaza. Mdogo wangu alisimama katikati ya njia, mguu mmoja mbele, na nikaona uso wake unauliza kama kuna mtu amekufa.

Nilizima kinanda. Misa yote tukaiimba kwa ngoma na makofi. Mdogo wangu aliolewa, watu wakala nyama na jibini, wakacheza hadi vumbi likapanda. Mama mmoja wa kwaya aliwaambia wenzake kwamba ndani ya kile kitu kumefungwa roho ya mtu anayelia, na hakuna aliyecheka. Yule papa wa duka hakula kabisa. Alikuja kukaa karibu nami.

"Maestro," akasema, "balinipatia kitu ya kuharibika. Niko nasikia haya mbele ya Mungu."

Wiki iliyofuata nilikifunga tena katika blanketi lilelile, nikashuka nacho Sake kwa fundi wa redio na simu. Alikifungua, akapima, akapuliza vumbi, akakifunga. Nilimuuliza ni kitu gani kimekufa. Akaniambia hakuna kilichokufa, mashini iko nzima kuliko yeye mwenyewe. Nilipombonyezea ile mi, naye alishtuka, akaitazama spika kama anayetazama mtu aliyemtukana. Kisha akasema kuna shehe mmoja amepanga nyumba nyuma ya karakana, mkimbizi kutoka Walikale, anafundisha watoto Kurani, na labda atayasoma yale maandishi.

Shehe alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amesoma Misri miaka mingi, na huko, zaidi ya kisomo cha dini, alipanga chumba kwa mzee mpiga udi, ala ya nyuzi ya Kiarabu, aliyemfundisha muziki jioni baada ya chakula. Alirudi Walikale kwa sababu mama yake aliugua, akamzika, kisha vita vikamtoa huko na kumleta Sake. Alinieleza hayo yote akiwa bado amesimama mlangoni pa karakana. Halafu akaona taa mbili zinawaka kwenye vibonye vidogo, moja ya mi, moja ya si.

"Nani aliweka Rasti hapa?" akauliza.

Nilimjibu kwamba sijui Rasti ni nani. Akakaa, akapiga kwa mkono mmoja, noti mojamoja, bila kuzipiga pamoja. Alianzia do, akapanda taratibu, akapita kwenye mi ile iliyoniaibisha mbele ya watu wote, akaizunguka, akairudia, akashuka tena do. Nami nilisimama pale nimeshika mkoba wangu, nimepigwa na butwaa. Noti ileile, kutoka mashini ileile. Siku ya ndoa ilikuwa ya kuharibika, na sasa ilikuwa nzuri kuliko noti zote zilizoizunguka. Sikuelewa nimefanyiwa nini.

Alinieleza kwa uvumilivu. Njia za sauti kama hizi Waarabu wanaziita makamu. Ni zaidi ya ngazi ya noti, alisema. Kila makamu ina noti ya nyumbani, ina mahali inapopenda kupumzika, ina njia yake ya kupanda na ya kushuka, na ina hali yake ya moyo. Rasti imesimama wima, mtu huanza nayo karamu. Kibonye kinashusha noti kwa nusu ya nusu-toni, na wanaotengeneza vinanda hivi wanaviweka kwa ajili ya wapigaji wa huko. Akahamia re, akazima taa ya si, akapiga nyingine iitwayo Bayati, laini, ya kubembeleza. Kisha akazima taa zote akapiga Hijazi, akasema hiyo hata kinanda cha kawaida kinaiweza. Niliitambua; nimeisikia Goma mara nyingi nikipita karibu na msikiti, bila kujua kuwa ina jina.

Mimi ni mbishi. Nilimwambia kwamba sauti ya kati ya mi na mi bemoli ni kosa la masikio tu. Hakukasirika. Aliniambia niiimbe. Nikajaribu, na sauti yangu ikakataa: ikapanda kwenye mi, nikaivuta, ikaanguka hadi bemoli. Miaka yote hii nimefundisha watu kuimba, na noti moja ilinishinda mbele ya fundi wa redio.

"Usiitafute kwa chini," shehe akasema. "Toka fa, shuka polepole, simama kabla ya kufika."

Nilifanya hivyo, na ghafla nikawa juu yake. Niliisikia katika meno. Niliacha kuimba kwa sababu niliogopa.

Nikamwomba anipigie ya huzuni kama ipo. Akasita, kisha akawasha tena taa ya mi, akapiga makamu iitwayo Saba. Siwezi kuieleza vizuri hata leo. Inaanza kama Bayati, halafu pale sikio linapongoja sol, inabanwa, haifiki, kama pumzi iliyokatwa. Fundi alikuwa anachomea waya wa redio. Alikiweka chini kile chuma cha moto.

"Shehe, tafazali, acha," akasema.

Shehe aliondoa mikono papo hapo. Sikujua wakati ule kwamba fundi alikuwa amezika kaka yake kwenye kambi ya wakimbizi ya Lushebere kabla ya mvua kuanza. Aliniambia mwenyewe baadaye, akinisaidia kufunga kinanda kwenye pikipiki. Alisema hakuwa amelia mazishini, na sasa hajui kwa nini muziki wa watu asiowafahamu umemkuta karakanani.

Nilirudi nyumbani nikiwa bado nimeduwaa. Kesho yake baba alikuwa uani anachambua maharage. Niliweka kinanda mezani, nikawasha zile taa mbili kama nilivyoonyeshwa, nikapiga Rasti kidogo, kwa kujifunza tu. Baba ni mkulima. Hajawahi kuingia kwaya. Zamani, kabla sijaanza shule, alipiga nanga, ule ubao uliochimbwa kama sahani ndefu na kuvutiwa nyuzi juu, na watu wa vilima vingine walimwita kwenye karamu zao. Nanga iliungua pamoja na nyumba yetu ya kwanza, na tangu hapo hakuitaja. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Iko karibu," akasema. "Lakini haiyafika."

Nikamuuliza nini haijafika.

"Ile ya katikati. Iko juu bado."

Niliondoa vidole kwenye kinanda. Mimi nilikuwa nimetoka tu kujua kwamba katikati kuna kitu, na baba yangu, mikono imejaa maharage, ananiambia kitu hicho hakijakaa sawa. Shehe alikuwa amenionyesha kwamba mtu anaweza kushusha noti kidogokidogo kwenye kioo cha kinanda. Nikaishusha. Bado. Nikaishusha tena, nikampigia, akatikisa kichwa. Tuliendelea hivyo hadi aliposukuma ungo pembeni.

"Njo hapo," akasema, yaani ndipo penyewe.

Akanitaka nirekebishe na la, kisha si. Zilipokaa alivyotaka, hiyo haikuwa tena Rasti, wala haikuwa do ya masista. Na baba akaimba, kwa Kihunde, lugha yetu, wimbo wa kuita ng'ombe uliogeuka kuwa wa kumsifu mwanamke. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika lakini kila noti ilitua pale aliponiwekesha. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, akaketi juu ya kizingiti. Miaka yote ya maisha yangu ya utu uzima sikuwahi kumsikia baba akiimba. Nilimpigia nikiwa nalia na kukosea.

Niliporudi Sake nilimsimulia shehe, nikitumaini ataniambia kwamba baba anajua makamu bila kujua jina lake. Alikataa.

"Hiyo haiko ya Waarabu, dada," akasema. "Usipatie watu wengine mali ya papa yako."

Nilijaribu kuipeleka ngazi ya baba kwa kwaya. Hapo palikuwa pagumu. Wengine walisema tunaimba uongo, nje ya noti, na soprano wangu bora alihamia kwaya ya vijana. Wengine waliipata haraka kuliko mimi. Padri aliruhusu wimbo mmoja wakati wa matoleo, siku zisizo za sikukuu, na mara ya kwanza watu wengi walitazama chini hadi ulipokwisha. Mara ya tatu wazee wawili wa nyuma waliuitikia.

Sasa baba anachonga nanga mpya. Ameomba madereva wa pikipiki wamletee kebo za breki zilizochoka. Anazifumua, anachagua nyuzi nyembamba, anazivuta juu ya ubao. Anakaza, anagonga kwa ukucha, anasikiliza, analegeza. Haniulizi chochote. Mimi hukaa karibu nikichambua maharage, na kila uzi unapotua mahali pake, bado nashtuka.