Komunike ya Mufu Haikatwi

Mi ni Casimir, fundi mitambo wa redio yetu hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, na kabla sijawasimulia habari za Mama Pulchérie niacheni nitoe la moyoni: kampuni za simu zinanichefua. Si simu yenyewe. Simu ni nzuri, hata mi ninazo mbili. Kinachonichefua ni kampuni kusimamisha antena moja kilimani, halafu tangu siku hiyo kila mwenye cheo anaiinamia kama mkwe aliyekuja kuomba mke. Jina la kampuni hiyo nitalimeza. Wao wana mawakili, mi nina bisibisi.

Mama Pulchérie ndiye anayesoma matangazo ya vifo, yale tunayoyaita komunike. Ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa kijiji cha Lweba. Asubuhi anauza unga wa muhogo sokoni, saa sita mchana anaingia studio, unga bado kwenye kucha. Kazi hiyo ameifanya tangu watu waliporudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania. Familia ikileta karatasi, anaisoma kwanza mbele yao na kuuliza kila jina linavyotamkwa. Hewani anaisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa aliyekaa karibu na redio, mara ya pili kwa yule aliyekimbia kuitwa kutoka shambani. Na kwenye mlango wa studio ameandika kwa makaa, herufi kubwa: KOMUNIKE YA MUFU HAIKATWI.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anashikilia hivyo. Akaniambia kwamba alipokuwa kambini, mama yake alifariki huku Lweba. Habari ikavuka ziwa kwa midomo ya watu, na kila aliyeipokea akaipunguza kidogo, kwa huruma. Ilipomfikia yeye, ilikuwa imebaki "mama yako hajisikii vizuri." Miezi mitatu aliweka akiba ya dawa za mgonjwa aliyekwisha kuzikwa.

"Balinihurumia," alisema. "Mungu abasamehe. Mimi bado."

Basi ndiyo huyo mama. Wakati wa uchaguzi mheshimiwa mmoja alikuja kuongea hewani, suti, walinzi, mambo yote. Mama Pulchérie akamsimamisha mlangoni. "Mheshimiwa, subiri kidogo. Kuna mufu mbele yako." Mheshimiwa akasubiri. Mi nilicheka mpaka nikaangusha waya.

Mheshimiwa huyo huyo ndiye aliyerudi kuzindua antena. Aligawa fulana zenye picha yake na nembo ya kampuni, akasema antena ameileta yeye. Mwezi uliofuata kampuni ikatupa sisi paneli za jua sita na betri, bure. Mkurugenzi wetu, Wilfried, si mtu mbaya, alilia machozi ya kweli, maana jenereta ilikuwa inatumaliza. Mi nilisema palepale: cha bure kina mwenyewe. Nilisema tena baa, kwenye kinywaji, jioni zote za juma lile, na watu wakanipigia makofi. Mdomo wangu ni hodari sana penye watu wasio na cha kunifanya.

Halafu antena ikafa. Siku ya kwanza tukasema itarudi. Siku ya nne watu wa kijiji cha Lubondja walikuwa wanapanda mlima na simu mkononi, wanazinyanyua juu kama wanazibariki, wapi! Tulienda kuuliza. Ofisi ya kampuni ikasema mafuta yamekwama njiani. Mheshimiwa akatuma neno kwamba hayo ni ya kampuni. Serikali ikasema kampuni ni ya watu binafsi. Walitupiana mpira mpaka siku ya tisa. Na sisi redio tukanyamaza. Tangazo la kampuni hiyo lilipita hewani mara tatu kwa saa, na wimbo wake: piga simu, uko karibu na wako.

Siku ya kumi akaingia Papa Élie, mkulima wa Lubondja, amekuja kwa miguu, suruali matope mpaka magotini. Akatoa karatasi ya daftari kutoka mfukoni mwa shati. Binti yake Arlette alikuwa amekufa jana yake akijifungua, yeye pamoja na mtoto. Mama Pulchérie akaisoma mbele yake kwa sauti ndogo. Yalikuwepo majina ya ndugu wa Kazimia na wa ng'ambo, saa ya mazishi, na katikati maneno haya: "Arlette amefariki kwa sababu antena ya simu ilikufa na tulikosa njia ya kuita pikipiki ya kumpeleka hospitali. Mwenye mjamzito nyumbani asitegemee simu. Amshushe Baraka mapema."

"Hayo ndiyo ninataka basikie," akasema Papa Élie. "Bengine bote ni majina tu." Akageuka akaanza safari ya kurudi kwenye maiti ya binti yake.

Wilfried alipoiona karatasi akashika kichwa. "Mama, pale katikati tutoe. Bale batatunyanganya paneli."

"Kamuambie baba ya marehemu," akajibu Mama Pulchérie, akaingia studio, akafunga mlango wenye yale maandishi ya makaa.

Wilfried akanijia mimi kwenye mitambo. Hakupiga kelele. "Casimir, akifika pale, shusha sauti, weka ule wimbo. Akimaliza, pandisha. Nakuomba. Redio ikifa, batu ba eneo yote ya Fizi batasikia wapi?"

Na mimi, bingwa wa kwenye kinywaji, nilifanyaje? Nilishusha. Kupitia kioo cha studio niliona midomo yake ikisema antena, ikisema pikipiki, na nje kwa watu ukalia ule wimbo: uko karibu na wako. Mara ya kwanza naweza kujitetea kwamba nilishtukizwa. Lakini komunike inasomwa mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimekaa, nimetulia, ninangoja afike pale. Nikashusha tena. Mama Pulchérie hakujua kitu, kwa sababu vifaa vya masikioni mwake vinampa sauti yake mwenyewe tu, si kile kinachorushwa hewani. Alitoka akanichunguza usoni, akasema, "Uko mugonjwa? Kunywa maji."

Kesho yake alfajiri akanitaka nimpeleke Lubondja. Anaenda kwenye kila kilio anachoweza kufika, na mwenye pikipiki ni mi. Njia nzima kitenge chake kilinipiga mgongoni na mi nikaendesha tu.

Tulikuta watu wengi uani, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye magogo. Katika wale wanawake niliwahesabu wenye mimba wanne. Papa Élie akasimama kumpokea Mama Pulchérie kwa mikono miwili.

"Aksanti, mama. Mimi njiani, hawa hapa, sote tulisikia jina yake, ulilitamka muzuri. Kiisha kukakatika, kukaingia muziki, mara mbili zote. Nikabaambia hawa, si kosa ya mama. Hata redio mitambo yake inachokaka."

Mama Pulchérie akaiachia ile mikono. Alinigeukia mimi, taratibu, na nikaona ameelewa. Nilitamani anitukane. Nilitamani anipige kofi mbele ya wote. Alifungua pochi yake, akatoa ile karatasi ya daftari, akaninyooshea.

"Ni huyu ndiye aliyekata, Papa Élie," akasema. "Casimir, soma. Anzia pale."

Nikaipokea. Sauti yangu si ya redio, ni ya fundi. Nikasoma: Arlette amefariki kwa sababu antena ya simu ilikufa. Nikasoma pikipiki. Nikasoma mwenye mjamzito asitegemee simu, amshushe Baraka mapema. Mmoja wa wale wanne akaweka mkono tumboni na kumtazama mumewe kule kwenye magogo.

Nilipomaliza nikakunja karatasi, nikampa Papa Élie, nimeinamisha kichwa. Hakuipokea.

"Rudilia," akasema. "Komunike inasomwaka mara mbili."

Nikaikunjua, nikasoma tena.