Ujumbe Ambao Dada Tulizo Hakuusoma

Kwao walimwita Kimya. Jina alilipata utotoni, kwa sababu katika nyumba ya watu waliozoea kusemeshana kwa kupiga kelele, yeye alikaa pembeni akisikiliza hadi mwisho, ndipo atoe neno lake moja. Mama yake alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu mpe siri yako. Atazikwa nayo."

Hakuolewa. Kwa miaka mingi alipokea simu hospitalini, na alipopunguzwa kazi akapata nyingine iliyomkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Ilikuwa katika ofisi ya ghorofani, juu ya duka la rangi, ambako harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wafanyakazi kila asubuhi. Watu wenye mioyo mizito walituma ujumbe kwa simu, na wahudumu wakawajibu. Namba za watumaji zilifichwa. Wahudumu nao walipewa majina ya kazini, na Kimya akawa Dada Tulizo.

Mwanzoni alisoma kila ujumbe, akaurudia, ndipo aandike. Hakuwa fundi wa maneno. Lakini kabla ya kulala alipiga magoti kando ya kitanda akawaombea wale watu asiowajua majina: yule aliyefiwa na pacha wake, yule aliyefukuzwa kazi na bado kila asubuhi anavaa suti ili mkewe asijue. Alimtajia Mungu shida zao mojamoja, kama mtu anayempelekea jamaa mwenye uwezo watu anaowadhamini.

Kisha ikaja programu ya akili mnemba. Kwenye kompyuta, kushoto ulikaa ujumbe wa mtu, kulia likatokea jibu lililokwisha kuandikwa. Msimamizi wao, mama mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwaeleza kanuni: soma kushoto, soma kulia, rekebisha, ndipo ubonyeze "Tuma". Ujumbe wenye dalili ya hatari programu ingeupeleka yenyewe kwa muuguzi. Ukutani kukafungwa skrini inayoonyesha kasi ya kila mhudumu, na Kimya akawa wa mwisho.

"Dada Tulizo," alisema jirani yake wa meza, mwanamume waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, "unajibu watu au unahakiki msahafu? Konokono amepita hapa akakuuliza kama unahitaji lifti."

Ofisi nzima ikacheka. Kimya naye akacheka, lakini masikio yalimwaka moto.

Akaanza kusoma upande wa kushoto harakaharaka. Halafu akawa anasoma mstari wa kwanza tu. Halafu akawa anatazama kulia peke yake, kwa kuwa kulia kulikuwa kuzuri siku zote. Maneno yale yalikuwa laini na ya upole, na yeye asingeweza kuyatunga hata apewe siku nzima. Nirekebishe nini hapa, alijiuliza, niongeze makosa? Jina lake likapanda kwenye skrini. "Siku hizi wewe ni umeme!" Redio akamwambia, na Kimya akafurahi kuliko alivyopenda kukubali.

Jioni alipiga magoti kama kawaida, akakosa wa kumtaja. "Wasaidie wote," alisema, akapanda kitandani. Alidhani ni uchovu.

Wakati huo alikuwa akiishi na binti wa kaka yake, aliyekuja kusoma uhasibu chuoni. Binti huyo walimwita Chiriku tangu mdogo, maana alikuwa anazungumza hata na viatu vyake. Muhula ule Chiriku alisema kidogo, akala kidogo. Shangazi yake alijiambia kwamba mtoto amekua. Yeye mwenyewe alirudi kutoka kazini kichwa kikivuma kama mtu aliyesikiliza watu kutwa, ilhali hakuwa amemsikiliza hata mmoja.

Jumamosi moja mchana walikuwa sebuleni, Chiriku akipiga pasi na shangazi akikunja nguo. Chiriku alikuwa akiimba chini kwa chini.

"Leo ndege amerudi kwenye tundu lake," shangazi akasema.

"Shangazi, nikikwambia kitu hutacheka?"

"Mimi na kucheka tulikutana wapi?"

Chiriku akatabasamu. "Niliandikia ile huduma ya watu wenye mawazo. Si najua ndiyo kazi yako, nikaona aibu kukuambia. Lakini kuna dada mmoja pale, shangazi, huyo dada ana moyo! Nililia mpaka nikalala. Hebu msome. Unamjua?"

Akampa simu. Juu ya jibu palikuwa na jina: Dada Tulizo.

Kimya alilisoma jibu na kuona ni zuri. Halafu akasogeza kidole juu, kwenye ujumbe wa mtoto wake, akausoma kwa mara ya kwanza.

"Nimefeli na baba hajui. Silali. Naishi kwa shangazi yangu, mtu mwema sana, ila kutwa anabeba shida za watu, namwonea huruma kumwongezea zangu. Juzi nilivunja kikombe chake cha bluu anachokipenda, nikamwambia ni paka. Akasema sawa. Hatuna paka. Siku hizi nikivuka barabara siangalii magari. Sijui kwa nini."

Jibu lilimshukuru kwa kuwaamini, likasema kufeli si mwisho wa safari, likamsifu shangazi, likashauri apumue taratibu kabla ya kulala. Kuhusu barabara halikusema neno, wala programu haikuupeleka ujumbe kwa muuguzi.

"Shangazi? Mbona umebadilika uso?"

"Dada Tulizo ni mimi."

Chiriku akaacha pasi. Uso wake ulifunguka, ukawa uso wa yule mtoto mdogo wa zamani. "Wewe? Kumbe ulijua ni mimi! Ukaona ukinisemesha nitaficha, ukaniandikia hivyo..." Machozi yalikuwa yamemjaa, na alikuwa akicheka. "Ulijua, si ndiyo?"

Ingetosha kuitikia kwa kichwa. Mtoto angemkumbatia, mambo yakaisha pale pale.

"Hapana," Kimya akasema. "Sikujua. Sikuusoma. Jibu liliandikwa na mashine, mimi nikabonyeza."

"Hukusoma hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Chiriku alitoa kicheko kimoja kikavu. "Kinyozi hajinyoi, sawa. Lakini shangazi, hata paka?" Akazima pasi, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Kimya alibaki amesimama na shati alilokuwa akilikunja mkononi. Aliona aibu. Alitamani mlango wa nje uwe karibu kuliko ule wa chumba. Maneno laini yalimjia, yale ya upande wa kulia, yamepangika kabisa, na kila moja lilimchefua. Akaenda mlangoni mwa chumba.

"Chiriku. Bado huangalii magari?"

"Unauliza leo?" sauti ikatoka ndani.

"Nauliza leo. Nimechelewa, najua. Nauliza."

"Juzi sikuangalia," Chiriku akasema. "Jana niliangalia."

Shangazi aliketi sakafuni, mgongo kwenye mlango, akasikiliza hadi mwisho. Mengine yalisemwa kwa hasira, mengine yalimhusu yeye, naye hakujitetea.

Jumatatu alimweleza msimamizi kila kitu, akitazama ile miwani kwa sababu macho alishindwa kuyatazama. Aliomba watumaji wake wote wa miezi ile wasomwe upya. Msimamizi akasema wataanza siku hiyo hiyo. Redio, aliyekuwa amesikia, akauliza kwa upole usio wa kawaida yake, "Lakini si mteja mwenyewe aliridhika?" Swali hilo lilimuumiza kuliko matani yote.

Akaomba ruhusa, akamfuata Chiriku nyumbani ili wamwone daktari. Kwenye njia panda akamshika mkono.

"Shangazi, mimi si mtoto. Watu wananitazama."

"Waache watazame."

Chiriku hakuuvuta mkono, wala hakuukaza. Hakuwa amemsamehe bado. Walisimama ukingoni mwa barabara, wote wawili wakatazama kulia na kushoto, wakavuka.