Jino la Juu la Nyambura

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu kwa daktari wa meno hapa Nyeri mjini. Mlango ulipofunguliwa tu, nikapigwa na harufu ya karafuu. Yeye, msichana wa miaka kumi na minne, alikuwa anabonyeza simu. Kwake jino ni kitu cha kuzibwa haraka ili arudi kwa chipsi zake. Mimi, niliyejijengea maduka pale Gakindu kwa elimu ya darasa la nne tu, nilitoka nje nikashika ukuta.

Hiyo ilikuwa harufu ya mdomo wa dada yangu Nyambura, alipokuwa na umri huo huo. Alikuwa na mwanya, na akicheka shambani, wachumaji wa kahawa walicheka kabla ya kujua sababu. Halafu jino la juu, lile la pembeni lenye ncha, likaanza kumuuma. Mama akalishindilia karafuu, baadaye tumbaku. Shavu likavimba hadi jicho likabaki kama ufa.

"Mpeleke Nyeri ling'olewe," jirani yetu Mama Karanja alimwambia.

"Jino la juu limeshikana na mshipa wa jicho," Mama akajibu. "Unataka binti yangu aongozwe kwa fimbo?"

Kwetu kila mtu alijua hivyo, hata wazee wa kanisa.

Aliyebisha ni Nyambura mwenyewe, kichwa amekifunga leso. "Mama, si waling'oe tu? Nikibaki na jicho moja nitachuma kahawa ya upande mmoja, huo mwingine utamalizia wewe."

Mama alicheka, kisha akageukia ukuta akajipangusa uso. Lakini hakumpeleka.

Homa ilipompanda akaanza kuweweseka, wanaume walimbeba mpaka barabarani. Hospitalini daktari aliuliza kitu kimoja tu: kwa nini jino lilikuwa bado mdomoni? Usaha ulikuwa umeshapanda kichwani. Tulimzika kando ya kahawa yetu.

Siku chache baadaye Mama alivaa nguo zake za kanisa akaondoka peke yake, bila kumwambia mtu. Alirudi jioni akiwa ameuma pamba yenye damu. Alikuwa amemdanganya daktari wa meno kule Nyeri kwamba jino lake la juu, la pembeni, linamuuma, naye akaling'oa likiwa zima kabisa.

Akasimama uani. Akafunika jicho moja kwa kiganja, halafu la pili, akitazama mlima.

"Unaona, Mama?" nikamuuliza kwa hofu.

"Ninaona yote," akasema. "Hata theluji ya kileleni ninaiona."

Kisha akaketi kwenye matope na nguo zake nzuri, akalia kilio ambacho hakukitoa hata kaburini.

Mimi nilishangaa sana, maana nilidhani angefurahi. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipoelewa Mama alikwenda Nyeri kutafuta nini. Alikuwa anaomba apofuke.