Upinde wa Kuzungumza Nao

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu mpaka watu wa nyumbani huniuliza kama nimeanza kuota mchana. Nataka uisikie kabla hujanunua upinde, maana juzi pale kiwanjani nilikuona ukiukodolea macho ule upinde mweusi wa yule kijana mwenye mabega ya mpakia miwa. Ulikuwa unaumezea mate. Nilikujua papo hapo, kwa sababu macho hayo hata mimi niliwahi kuwa nayo.

Siku hizi hatuwindi. Serikali ilikataza, na mimi nasema ilifanya vyema, maana kwa jinsi tulivyokuwa tunakwenda, wajukuu wetu wangebaki kuzijua kanga za kujifunga tu. Nyinyi vijana wa Nyalenda mnalenga magunia yaliyojazwa makapi ya miwa, nami huja na kiti changu kuwatazama, na napenda sana. Lakini upinde haujui kama mbele yake kuna gunia au ndege. Mkono unaouvuta ni uleule, na kiburi ni kilekile.

Wakati ninaousimulia, uwindaji ulikuwa haujafungwa. Nilikuwa kijana, nachana nywele kila nikipita penye kioo, na kazi yangu ilikuwa kumsaidia baba buchani Awasi. Baba alikuwa mchinjaji. Waislamu wa Awasi na wa Muhoroni, hata wengine wa Kisumu mjini, walikula nyama ya kisu chake bila kuuliza swali, na kutouliza kwao huko ndiko kulikotulisha sisi. Mchinjaji akitiliwa shaka mara moja, mwanangu, afadhali akauze makaa.

Basi nikampenda Zuhura. Alikuwa akiishi na babu yake, Mzee Rajabu, pembeni mwa mashamba ya miwa kule Muhoroni. Wazee wa mzee huyu walitoka Tabora na misafara ya biashara, wakalowea upande huu wa ziwa, na katika vitu walivyokuja navyo zilikuwamo pinde zao. Baba yake Zuhura alikuwa ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo idhini yote ilikuwa kwa babu. Nilipopeleka posa hakusema ndiyo wala hapana. Alisema wazee wangu waje siku ya Jumapili wale kwake, wali wake, kitoweo changu, na kitoweo hicho nikipate kwa upinde. Alitaka kumjua mtu kwanza kabla hajamwita mkwe.

Mimi sikuwahi kushika upinde. Nilikwenda kwake siku chache kabla, akaniingiza ndani, akanionyesha pinde zilizoning'inia ukutani. Mmoja ulikuwa mkubwa, mnene kama mpini wa jembe, mweusi kwa mafuta na moshi. Huo ulikuwa wake mwenyewe wa ujanani. Nyingine zilikuwa za kiasi, na pembeni kabisa palikuwa na kiupinde chepesi ambacho Zuhura alitumia kufukuzia ndege waliokula mtama. Mzee akaniambia, "Chagua upinde utakaoweza kuzungumza nao."

Wazee husema mambo mengi, mwanangu, na kijana huchukua yale yanayompendeza. Nilidhani ananipambia maneno tu, kama tunavyopamba barua ya posa. Mkono wangu ukaenda moja kwa moja kwenye ule mkubwa. Ningewezaje kuchukua wa msichana, na msichana mwenyewe amesimama mlangoni ananitazama? Mzee hakunizuia. Akanitoa uani, akanifundisha mpango wake: simama vizuri, vuta, shikilia, sema Bismillahi Allahu Akbar, kisha ndipo uachie. Usiseme kabla ya kuvuta, wala usiseme mshale ukiwa umeshakwenda zake. Jina la Mungu litoke pamoja na mshale.

Ile kuvuta tu ilinitoa jasho. Jirani yao, Okello, dereva wa trekta la miwa, alisimamisha trekta barabarani ili anitazame vizuri. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Omera, ndugu yangu, hiyo upinde wewe unaivuta ama yeye ndiyo inakuvuta?" Zuhura aliingia ndani haraka, na nilijua amekwenda kucheka. Wahenga walisema ukiiga kunya kwa tembo utapasuka msamba, lakini mimi siku hiyo nilijiona tembo mwenyewe. Sikuubadilisha.

Mkono wa kushoto ugwe, ile kamba ya upinde, ulinichapa mpaka ukatoka mistari, maana nilikataa ngozi ya kukinga mkono nikidhani ni mambo ya watoto. Mishale nayo niliichagua kwa uzuri wa manyoya, huu mrefu, huu mfupi, huu mzito, na kila mmoja ulikwenda kwa akili zake. Usiku mama alinipaka mafuta ya nazi bila kuuliza nimepigwa na nani.

Jumapili alfajiri tukatoka, mimi na Mzee Rajabu. Kanga walikuwa wameshuka kwenye shamba la mahindi lililopandwa upya, wanafukua mbegu, wamejaa, wana kelele za watu wa harusi. Mzee akabaki nyuma, miguu yake ilikuwa haimpi tena kasi, nami nikanyemelea kando ya miwa mpaka nikawakaribia sana. Nikasimama, nikavuta.

Mwanangu, nilivuta kwa mikono, kwa shingo, kwa tumbo, na kwa meno. Meno niliyauma mpaka masikio yakavuma. Mikono ilitetemeka, machozi yakanitoka, na upinde wenyewe haujafika hata nusu. Kisha vidole vikachoka vyenyewe, mshale ukaondoka. Kanga niliyemlenga aliruka akaenda zake. Aliyekuwa kando yake, ambaye sikuwa hata nimemwona, ndiye aliyeanguka.

Nilikimbia na kisu mkononi, lakini nilipofika shingo ilikuwa imelegea na roho imetoka. Kisu hakikuwa na kazi tena. Hapo si shida, kwetu mshale hushika nafasi ya kisu: mwindaji akitaja jina la Mungu anapouachia, ndege huliwa hata kama amekufa kabla ya kufikiwa. Ndipo nikakumbuka. Kinywa changu kilikuwa kimefungwa muda wote. Sikusema kitu.

Ungeniuliza wakati ule nilikuwa nafikiri nini, ningekwambia sikufikiri. Nilimtanguliza kanga wangu mbele nikarudi nyumbani kwa Mzee Rajabu mbio, kama mtu anayetaka jambo liishe kabla hajaulizwa. Wazee wangu walikuwa wameshakaa mkekani, baba katikati yao. Wanawake wakapiga vigelegele. Zuhura akaja na maji ya moto ya kumnyonyolea, akampokea yule ndege kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza alinitazama bila kucheka.

Mzee Rajabu akaingia nyuma yangu, anahema, fimbo mkononi. Kabla hajakaa akauliza, "Hamisi, ulitaja?"

Hakuna aliyekuwa ananiona kule kwenye miwa isipokuwa Mungu. Neno moja tu, nimepata mke. Na baba alikuwa amenikazia macho, yeye ambaye watu walikula nyama yake kwa kuamini kinywa chake. Niliogopa, mwanangu, nisikudanganye. Niliogopa kumkosa Zuhura kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Lakini nikamwona baba pale, na ulimi ukakataa.

"Sikutaja, Babu," nikasema. "Nilishindwa."

Vigelegele vilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Mjomba wangu mmoja, mtu wa huruma, na pia mtu wa kupenda nyama, akaanza kusema kwamba wapo wanavyuoni wanaosema aliyesahau husamehewa. Mzee Rajabu akatikisa kichwa.

"Aliyesahau, sawa. Huyu hakusahau, huyu alikosa pumzi." Kisha akanigeukia. "Nilikwambia chagua utakaoweza kuzungumza nao. Ulidhani nakutegea kitendawili?"

Kanga alikwenda kwa mbwa. Wageni walikula wali kwa kunde, na mjomba alikula kidogo sana. Habari ya posa haikutajwa tena siku hiyo, wala mimi sikuwa na uso wa kuiulizia. Njiani kurudi Awasi nilijua nimeharibu kila kitu, na nililia kimyakimya nikiwa nimegeukia dirisha la gari. Tulipofika, baba akafungua mlango wa nyumba. Hapo akasema tu kwamba siku akichoka, kisu nitakishika mimi. Nina kaka wakubwa wawili, na hakuna aliyewahi kuambiwa hivyo.

Wiki iliyofuata Mzee Rajabu akanitumia salamu kwa Okello, niende nikachukue upinde. Niliukuta umewekwa juu ya kiti: ule mwepesi wa Zuhura, pamoja na kipande cha ngozi ya mkononi na mishale aliyoichonga mzee mwenyewe, imefanana kama mapacha. Alinionyesha namna ya kuuviringisha mshale juu ya kucha ya kidole gumba ili nihisi kama umepinda. Alinikanya nisiachie ugwe kamwe bila mshale, maana upinde huvunjika kwa hasira ya bure, na nisiuache umefungwa ugwe usiku kucha, kwa sababu nao hulala.

Kila Ijumaa baada ya swala nilikwenda kulenga furushi la majani uani kwao. Sharti lilikuwa nivute, nishikilie, na niyaseme yale maneno kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. Jikoni alikuwamo Zuhura, na yeye ndiye aliyekuwa hakimu. Nikimaliza hutokeza kichwa mlangoni aseme, "Leo umekatia njiani," au, "Leo umesema kama mtu anayekabwa." Okello naye alipita na trekta lake kila mara bila sababu. Nilichekwa mpaka nikazoea kuchekwa, na kuzoea huko kulinisaidia kuliko nguvu za mkono.

Mahindi yalipokuwa yanavunwa, Ijumaa moja nilivuta, nikashikilia, nikayasema maneno yote taratibu, nikaachia. Mshale ulikwenda katikati. Zuhura hakutokeza kichwa. Mzee Rajabu akasema kutoka kivulini alipokuwa ameketi, "Sasa nasikia mtu." Wazee wangu waliitwa tena mwezi huohuo, na safari hiyo hakuna aliyetakiwa kuleta kitoweo. Ule upinde mkubwa nilikuja kuuvuta baadaye nikiwa baba wa watoto, nikataja jina mpaka mwisho bila kutetemeka, nikaurudisha ukutani. Zuhura alikuwepo, akasema nimechelewa.

Kwa hiyo, mwanangu, mwache yule kijana na upinde wake mweusi. Chukua mwepesi, hata kama utaambiwa ni wa wasichana, na wala hakuna ubaya, mimi wa msichana ndio ulionioza mke. Uvute mpaka kidevuni, ushikilie, useme jina la Mungu wako, au hata jina la mama yako, taratibu. Sauti ikitetemeka, urudishe dukani. Mishale nunua inayofanana, urefu mmoja na uzito mmoja, usihadaike na rangi za manyoya. Ngozi ya mkono uivae, ugwe haujui mtu shujaa. Nguvu zitakuja zenyewe, haba na haba, na upinde mzito utakusubiri. Haujawahi kumkimbia mtu.

Nimekaa nyuma ya meza ya bucha maisha yangu yote, na nimewaona wengi waliouma meno wakavuta visivyokuwa vyao. Wapo waliopewa vyeo wakashindwa kulala, na wapo walioshika urafiki na watu wakubwa mpaka wakasahau kusema hapana. Ukishika kitu kikakubana hata usiweze kumtaja Mungu wako, wala kusema "nilishindwa" mbele za watu, kiweke chini. Si kibaya, ila si chako bado. Na ukikosea mbele za watu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Nenda, mwanangu. Mungu akuepushe na jicho la kutamani kilicho kizito, akupe mkono uliotulia, na siku utakapoulizwa swali ambalo ni wewe na Yeye tu mnaojua jibu lake, akubakizie pumzi ya kusema kweli.