Mimi ndiye mbishi wa familia, na kuna kikao nilishinda ambacho sikupaswa kushinda

Wakuu salaam, poleni na mihangaiko.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Nimebadili majina tu, maana dada yangu naye anashinda humu jukwaani.

Mimi ni mtu wa Mara. Naishi Bunda, nina duka la vifaa vya ujenzi, na nyumbani kwetu ni Butiama. Tangu mdogo ni mbishi. Siyo ule ubishi wa mpira wa kijiweni, hapana. Watu wote wakisema ndiyo, kichwani kwangu linakuja neno moja: kwa nini?

Nyumbani wananiita Mpinzani. Kuna shangazi zangu sidhani hata kama wanakumbuka jina langu la ubatizo.

Msinielewe vibaya, ubishi huu umetusaidia. Baba alishatangulia, mama akabaki kijijini, na macho yakaanza kumtupa mkono. Alianza kwa kumimina chai nje ya kikombe, mwishowe akawa anatutambua kwa sauti. Familia nzima ikakubaliana kwamba ni uzee. Nikasema hapana, twende hospitali.

Walinijia juu. Kaka yetu mkubwa, Magesa, akasema, "Wewe acha. Huko watu wanapasuliwaga macho, wanarudi hawaoni kabisa. Bora huyu anaonaga kidogo."

Nikamchukua mama kimyakimya hadi Musoma. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji. Siku bandeji inatolewa, mama akanitazama, akacheka: "Kumbe na wewe umeota mvi!"

Nililia wakuu. Dume zima la Mara, mbele ya manesi.

Kuanzia hapo neno langu likawa na uzito kwenye familia. Na nikaupenda ule uzito, siwafichi.

Sasa dada Nyangeta, anayekaa Kamunyonge pale Musoma mjini, akaandika kwenye group la familia kwamba anataka mama akaishi naye. Chumba kipo, kanisa lipo jirani, hospitali si mbali. Watu wakajibu amina, amina, amina. Mimi nilipoona zile amina zimepangana vile, nikajua hapa hakuna aliyefikiri.

Tukakutana Butiama Jumapili baada ya misa. Kwetu kikao kinaweza kumhusu mzazi lakini mzazi mwenyewe haongei. Watoto wanajadili, mwishoni anaulizwa kama amesikia. Mama alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, anapepeta mtama wake.

Nikatema point. Nikasema mzee ukimpeleka mjini anashinda ndani kama mgonjwa. Nikasema kaburi la baba lipo hapo uani, nani atalipalilia? Nikasema hapa ndipo kwake, kila jiwe analijua. Dada akataka kujibu, nikamkata kauli.

Magesa akamaliza: "Huyu tulimbishia kwenye macho tukaumbuka. Tumsikilize."

Mama akaulizwa kama amesikia. Akasema, "Nimesikia wanangu." Tukala ugali, nikarudi Bunda najipongeza njia nzima.

Baada ya muda kidogo nikapita kumsalimia, nimembebea sukari na mafuta. Uwanja ulikuwa kimya. Kuku wake hawapo. Nikamuuliza, akasema amempa jirani.

Nikaingia ndani kuweka mzigo. Sanduku lake la bati lipo katikati ya chumba, limefungwa kamba. Ukutani hakuna hata kitenge.

"Mama, hii ni nini?"

"Nilikuwaga nimejiandaa kwenda kwa Nyangeta. Kabla ya kile kikao chenu."

Akaendelea. "Mimi nilizaliwa Kiriba, mwanangu. Mimi ni mtoto wa ziwa. Baba yenu alinileta huku nikiwa binti, miaka yote nakulaga dagaa wakavu. Uliponirudishia macho, nikatamani niamke asubuhi nione maji. Kwa Nyangeta ziwa lipo pale pale."

"Sasa mbona hukusema?"

"Wewe ndiye uliyenipa macho. Ningekupingaje?"

Nilikaa juu ya lile sanduku. Mimi niliyejiona ndiye pekee mwenye ujasiri wa kusema hapana, nilikuwa nimegeuka mtu asiyeweza kuambiwa hapana. Na niliyemnyamazisha ni mama yangu. Roho iliniuma sana. Kaburi, mawe, sijui kushinda ndani, yote niliyasema kwa niaba yake na hakuna hata moja nililomuuliza.

Sikuitisha kikao kingine. Nilipakia sanduku kwenye gari siku hiyo hiyo. Kabla ya kuondoka mama alipita kaburini, akang'oa majani kidogo. Akasema, "Baba yenu tumeshaongea." Basi, na lile likaisha hivyo.

Hatukwenda moja kwa moja kwa dada. Aliomba tupitie Mwigobero, pale sokoni ziwani. Akashuka, akasimama anaangalia maji.

Halafu akasogea kwa muuza samaki. Yule muuzaji akamwapia kwamba furu wake wametolewa ziwani asubuhi ile. Mama akamwinua mmoja, akamkagua jicho, akamrudisha.

"Huyu wa jana. Mimi naonaga vizuri siku hizi."

Wakuu, ubishi sijauacha na sitauacha. Tungekubaliana wote, mama angekuwa gizani hadi leo. Ila akili ni nywele, na mama naye ana zake. Siku hizi kabla sijampigania mtu, namuuliza kwanza anataka kwenda wapi.

Wabishi wenzangu mliomo humu, hasa mliowahi kushinda hoja mkajuta, karibuni mseme. Na anayeona nimekosea popote, anipinge. Safari hii nasikiliza.